Sanduku la Maswali: Programu Zikiacha Kunakiliana, Zitaelewanaje?

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa aya mbili tu, kwamba programu za kompyuta zinaweza kuunganishwa kwa viwango vilevile vya wavuti vinavyoziunganisha kurasa za intaneti, kila kitu kikiwa na anwani ya wavuti iliyo jina lake, na kwamba data zikiunganishwa kwa njia hiyo hazihitaji kuhamishwa kutoka zilikohifadhiwa. Barua zilizofuata zinaonyesha kwamba aya mbili hazikutosha. Tumechagua barua sita na kuzifupisha pale ilipobidi.

Ndugu Mjibu Maswali, salaam. Ninaongoza timu ya waandaaji programu tisa hapa Dar es Salaam. Masharti ya mteja tunayaandika kwenye programu moja, kasoro tunazisajili kwenye nyingine, na majaribio yako kwenye ya tatu. Kijana wetu mmoja aliandika skripti ya kunakili kasoro kutoka huku kwenda kule kila usiku. Sasa kasoro moja ina hali tatu: huku imefungwa, kule iko wazi, na kwenye ripoti ya mteja haipo kabisa. Mliposema kuna njia ya kuunganisha bila kunakili, mlikuwa na maana gani hasa?

Ndugu yangu, kijana huyo msimlaumu. Skripti yake inafanya kazi iliyotumwa kufanya, na tatizo liko kwenye kazi yenyewe. Kitu kimoja kikishakuwa na nakala mbili, na kila nakala ikawa na watu wanaoihariri, lazima awepo wa kuamua ipi ndiyo ya kweli, na skripti inayoamka saa nane za usiku haina mamlaka hayo. Inachojua ni ipi iliandikwa mwisho tu. Tena gharama hukua upesi kuliko timu inavyotarajia. Ukiunganisha programu mbilimbili, programu 3 zinahitaji madaraja 3, programu 5 zinahitaji 10, na programu 8 zinahitaji 28, na kila daraja linaweza kuvunjika upande wowote siku mtengenezaji mmojawapo anapotoa toleo jipya na kubadilisha jina la safu moja kwenye jedwali lake.

Wavuti haikujengwa hivyo. Tim Berners-Lee alipowasilisha pendekezo lake huko CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, mwaka 1989, taasisi hiyo ilikuwa na taarifa zilizotawanyika kwenye kompyuta za aina mbalimbali, na watafiti wake walikuwa wakija na kuondoka pamoja na ujuzi wao. Hakupendekeza taarifa zote zikusanywe kwenye ghala moja. Alipendekeza kila hati ibaki ilipo, na hati nyingine ziielekeze kwa viungo. Mwaka 2006 aliliendeleza wazo hilo kutoka kwenye hati hadi kwenye data, akaandika kanuni nne ambazo kwa maneno yangu ni hizi: kila kitu unachotaka kukizungumzia kipe anwani iwe ndiyo jina lake, anwani hiyo iwe ya HTTP, itifaki ya wavuti, ili mtu au programu iweze kuifungua, anayeifungua apate maelezo yenye maana, yaliyoandikwa kwa viwango vinavyojulikana, na maelezo hayo yawe na viungo vya kwenda kwenye vitu vingine. Neno la kulikazia macho hapo ni «kitu». Kasoro ni kitu, sharti la mteja ni kitu, na mtu, mji na zao la shambani ni vitu pia, ingawa hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni ukurasa wa wavuti.

Kiwango cha kuandikia maelezo hayo kinaitwa RDF, na aliyesoma sarufi ya Kiswahili shuleni hatakiona kigeni, kwa sababu kila taarifa ndani yake ni sentensi yenye sehemu tatu: kiima, kiarifu na shamirisho. Tuseme kasoro yenu moja inahusu mashine ya malipo. Programu ya kasoro, ikiulizwa, ingejibu hivi:

Kasoro 1042 — ina kichwa — «Risiti haitoki malipo yakizidi shilingi milioni moja».
Kasoro 1042 — ina hali — iko wazi.
Kasoro 1042 — inaathiri — Sharti 77.

«Kasoro 1042» hapo ni kifupisho cha anwani kamili iliyoko kwenye seva ya kasoro, na «Sharti 77» ni kifupisho cha anwani kamili iliyoko kwenye seva nyingine kabisa. Viarifu navyo ni anwani. Badala ya kila programu kubuni jina lake la safu, moja ikiita «kichwa», nyingine «muhtasari» na nyingine «maelezo mafupi», zote zinakubaliana kutumia http://purl.org/dc/terms/title, ambayo ni istilahi ya msamiati uitwao Dublin Core. Jina hilo limetokana na mkutano uliofanyika mwaka 1995 mjini Dublin, katika jimbo la Ohio, Marekani. Wanaodhani ni Dublin ya Ireland ni wengi, nami nilikuwa mmoja wao kwa miaka kadhaa.

Kwa kazi yenu mahususi hamhitaji kubuni msamiati wowote. Mwaka 2008, kwa msukumo wa kampuni ya IBM, ulianzishwa ushirika wa OSLC, ambao kazi yake ilikuwa kukubaliana namna programu za kutengenezea programu zitakavyoelekezana. Mwaka 2013 kazi hiyo ilihamia katika shirika la viwango la OASIS, na toleo la 3.0 la kiini chake lilipitishwa kuwa kiwango mwaka 2021. Ndani yake kuna misamiati ya masharti, ya kasoro na maombi ya mabadiliko, na ya majaribio. Ule uhusiano wa «inaathiri» nilioutaja umeshapewa anwani yake, http://open-services.net/ns/cm#affectsRequirement, na programu mbili zilizotengenezwa na makampuni yasiyojuana zinauelewa kwa namna moja.

Ngoja nieleze kinachotokea mezani kwa mjaribu wenu, maana hapo ndipo OSLC iliponishawishi mimi. Mjaribu amefungua Kasoro 1042 na anataka kuihusisha na sharti. Anabofya kitufe cha kuongeza kiungo, na linafunguka dirisha dogo la kutafutia. Dirisha hilo si la programu ya kasoro: limeletwa na programu ya masharti yenyewe na kuonyeshwa ndani ya ukurasa wa programu ya kasoro. Anaandika «risiti», anachagua Sharti 77, dirisha linajifunga, na kitu kinachorudi ni anwani ya sharti pamoja na jina lake la kuonyesha, basi. Programu ya kasoro inahifadhi hicho tu. Kesho mchambuzi akilihariri sharti hilo, hakuna cha kunakiliwa. Mtu akisogeza kipanya juu ya kiungo, programu ya kasoro inaiomba programu ya masharti kadi ndogo ya maelezo, na kadi inayokuja ni ya dakika ile. Programu ya kasoro haijui masharti yana safu ngapi wala fomu yake ya kutafutia imepangwaje, na haina sababu ya kujua. Wengi wanaojadili uunganishaji huzungumzia data peke yake, ilhali kwa uzoefu wangu kazi inayomaliza miezi ni kuzijenga upya fomu za programu moja ndani ya nyingine.

Kiungo hicho kihifadhiwe upande mmoja tu. Mkikihifadhi pande zote mbili mtakuwa mmerudi kwenye ugonjwa wenu wa mwanzo, kwa sababu siku moja upande mmoja utafutwa na mwingine utabaki. Sharti 77 likitaka kujua ni kasoro zipi zinaliathiri, programu yake iiulize programu ya kasoro.

Kwa hiyo chunguzeni kwanza kama programu zenu tatu zinafahamu OSLC, kwani baadhi zinafahamu tayari na watumiaji hawana habari. Isiyofahamu inaweza kuwekewa programu ndogo ya kati inayotafsiri API yake (mlango ambao programu nyingine huzungumza nayo), na kwa wanaoandika kwa Java upo mradi wa Eclipse Lyo ambao una sehemu kubwa ya kazi hiyo. Msizime skripti ya usiku kabla kiungo cha kwanza hakijafanya kazi machoni pa mjaribu.

Kwako Mhariri. Mimi ni mwandaaji programu, Mombasa. Data zetu zote ziko kwenye hifadhidata ya PostgreSQL na wakubwa hawatakubali zihamishwe. Je, ni lazima tuzigeuze ziwe RDF ndipo tuingie kwenye mambo haya?

Si lazima. RDF ni umbo la kuzungumzia. Umbo la kuhifadhia ni uamuzi wenu. Majedwali yabaki yalivyo, na mtakachoongeza ni tabaka linaloandika jibu kwa umbo la RDF pale anwani inapofunguliwa. Mkitaka kufanya hivyo bila kuandika msimbo mwingi, W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilipitisha mwaka 2012 lugha ya R2RML, inayoeleza safu ipi ya jedwali ilingane na sifa ipi ya msamiati.

Kama API yenu tayari inatoa JSON, umbo la maandishi la kubadilishana data, safari ni fupi zaidi. JSON-LD, iliyopitishwa mwaka 2014 na kufanyiwa toleo la 1.1 mwaka 2020, inawaruhusu kuiacha JSON yenu karibu kama ilivyo na kuongeza sehemu moja ya muktadha, inayosema kwamba jina hili fupi maana yake ni anwani ile ndefu. Programu za zamani zitaupuuza muktadha huo na kuendelea na kazi. Na kama timu yenu iliwahi kuweka alama za schema.org kwenye tovuti ili injini za utafutaji zielewe bei na saa za kufungua, huenda mmekwisha andika JSON-LD bila kuiita kwa jina hilo.

Anwani moja inaweza kutoa majibu ya sura tofauti. Kivinjari cha mtu kikiomba HTML, apewe ukurasa wa kusomeka. Programu ikiomba Turtle (namna nyingine ya kuandika RDF) au JSON-LD katika kichwa cha ombi kiitwacho Accept, ipewe hiyo. Msiunde anwani mbili, ya watu na ya mashine, kwa kitu kimoja.

Mwalimu, shikamoo. Nimeajiriwa katika maktaba, Zanzibar. Umesema jina la kitu liwe anwani yake ya wavuti. Lakini tovuti hubadilika kila baada ya miaka mitatu. Jina gani hilo linalobadilika mteja akibadilisha kampuni ya kumhifadhia tovuti?

Marahaba, mwanangu. Swali lako ndilo ambalo wataalamu wengi hulipita haraka, na ndilo lililoniumiza mwenyewe. Zamani nilikuwa katika kampuni moja ambayo haina haja ya kutajwa, nikapewa kazi ya kutoa anwani za vifaa vilivyokuwa ghalani. Niliweka ndani ya anwani jina la seva, jina la programu na namba ya toleo lake, kwa sababu ndivyo zilivyotoka zenyewe kwenye programu na zilionekana zimepangika. Mwaka uliofuata seva ilibadilishwa. Viungo vyote vilivyokuwa kwenye programu ya manunuzi na kwenye barua za wahandisi vikaelekea kwenye seva isiyokuwepo, na nilikaa wiki nzima nikiandika jedwali la kuelekeza anwani za zamani kwenye mpya, moja baada ya nyingine.

Anwani huvunjika kwa sababu ya vile tunavyovipachika ndani yake bila ulazima. Jina la programu litabadilika, na jina la idara litabadilika hata kabla ya programu. Herufi za mwisho kama .php zinatangaza lugha ambayo huenda mtaiacha. Mwaka wa kuundwa hauna madhara, kwa kuwa haubadiliki. Anza na jina la kikoa ambalo taasisi yenyewe inalimiliki na kulilipia, si la kampuni inayowahifadhia tovuti. Tenga sehemu yake moja kwa ajili ya vitambulisho peke yake. Na nyuma yake weka seva ndogo ambayo kazi yake ni kuelekeza tu. Programu ya katalogi ikihama, unabadilisha maelekezo hayo mahali pamoja, na anwani zilizokwisha kusambaa zinabaki vilevile. Huduma ya PURL ya anwani za kudumu, iliyoanzishwa na OCLC, ushirika wa maktaba, mwaka 1995, ilijengwa juu ya wazo hilohilo, na mwaka 2016 yenyewe ilihamia chini ya Internet Archive bila anwani za purl.org kubadilika. Ile anwani ya Dublin Core niliyoitaja katika jibu la kwanza ni mojawapo.

Kwa maktaba lipo jambo jingine. Usibuni anwani kwa kitu ambacho tayari kina anwani inayotunzwa na watu wengi. Lugha ya Kiswahili katika Wikidata, hazina huria ya data, ni Q7838, na Tanzania ni Q924. Mahindi katika AGROVOC, msamiati wa kilimo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ni c_12332. Namba hizo zinaonekana kavu, lakini ukavu wake ndio faida: anwani haisemi mahindi kwa lugha yoyote, na majina ya lugha mbalimbali yanaandikwa pembeni, kila moja likiwa na alama ya lugha yake, ambayo kwa Kiswahili ni sw. Msomaji wa Zanzibar na mtafiti wa Roma wanaweza kufikia kitu kimoja bila mmoja wao kulazimika kujifunza neno la mwenzake.

Uwe mwangalifu na sifa iitwayo sameAs katika OWL, lugha ya kueleza maana ya data za RDF. Ukiandika kwamba kitu A ni sawa na kitu B kwa sifa hiyo, umesema kwamba kila lililosemwa juu ya A ni kweli juu ya B pia. Nimeona katalogi ambayo ilisawazisha kitabu kama kazi ya mwandishi na nakala moja iliyoko rafuni, na tokeo lake likawa kwamba riwaya nzima «imeazimwa hadi tarehe 14». Kama unachotaka kusema ni kwamba dhana mbili zinalingana au zinakaribiana, SKOS, msamiati wa kupangia dhana, ina viarifu vya upole zaidi kwa kazi hiyo.

Ndugu Mhariri, nafanya kazi katika kituo cha afya, Nakuru. Nimesikia data zilizounganishwa ni data za wazi. Sisi tuna kumbukumbu za wagonjwa. Hilo si hatari?

Aliyekuambia hivyo amechanganya mambo mawili, na ana udhuru, kwa sababu mwaka 2010 Berners-Lee alitoa kipimo cha nyota tano kilichozungumzia data za wazi na data zilizounganishwa kwa pumzi moja. Kuunganisha ni namna ya kutoa majina na kuelekeza. Nani aruhusiwe kusoma ni suala jingine. Anwani ya HTTPS inaweza kujulikana na kila mtu, na bado anayeifungua bila kitambulisho akajibiwa 401, au akawa na kitambulisho lakini hana ruhusa akajibiwa 403. Programu mbili ndani ya hospitali moja zinaweza kuunganishwa kwa viwango hivi bila hata kufika kwenye intaneti ya nje.

Hata hivyo hatari ipo mahali ambapo wengi hawatazami. Anwani huandikwa kwenye kumbukumbu za seva, hutumwa kwenye barua pepe, hubaki kwenye historia ya kivinjari. Msiweke ndani yake jina la mgonjwa, namba ya kitambulisho cha taifa wala namba ya simu. Tumieni mfuatano wa herufi usio na maana. Pili, kiungo chenyewe ni taarifa. Kama rekodi ya mgonjwa imefichwa lakini kila mfanyakazi anaweza kuona kwamba rekodi hiyo ina kiungo cha kwenda kwenye kliniki fulani, mmekwisha sema mengi. Ruhusa iwekwe kwenye kiungo kama inavyowekwa kwenye maudhui. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Umbo la data, liwe jedwali au RDF, halimpunguzii mtu wajibu wake mbele ya sheria hizo.

Bwana Mjibu, mimi natoka Arusha. Kama kila programu inabaki na data zake, bosi akiomba ripoti ya masharti yote ambayo hayajawekewa jaribio nitaipataje? Nizifungue anwani elfu moja moja baada ya nyingine?

Hapana, ingawa swali lako linanilazimisha kukiri jambo ambalo watetezi wa njia hii hulisema kwa sauti ya chini: kwa ripoti inayokata programu zote, nakala utaitengeneza. Tofauti ni kwamba nakala hii ni faharasa ya kusoma tu, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuihariri, hivyo ugomvi wa ipi ni ya kweli hauzuki. Ikiharibika unaifuta na kuijenga upya kutoka kwa wenyewe.

Namna ya kuilisha ndiyo yenye ustadi. OSLC ina kiwango kiitwacho TRS, ambacho kinaitaka kila programu ichapishe vitu viwili: orodha ya msingi ya anwani za vitu vyake vyote, na daftari la mabadiliko. Kila ingizo la daftari lina namba ya mfuatano na linasema kitu fulani kimeundwa, kimebadilishwa au kimefutwa. Faharasa inasoma orodha ya msingi mara moja, kisha inarudi kwenye daftari kila baada ya muda mfupi, inaanzia namba iliyoishia, na kuchota yale tu yaliyoguswa. Anayekumbuka daftari la mapokezi ofisini, ambalo karani hulisoma kuanzia mstari alioishia jana, ameshaielewa TRS.

Juu ya faharasa hiyo unauliza kwa SPARQL, lugha ya maulizo ya RDF iliyopitishwa mwaka 2008 na kuongezewa nguvu katika toleo la 1.1 la mwaka 2013. Ulizo lako kwa maneno ya kawaida ni: nipe kila kitu ambacho ni sharti, mradi hakuna jaribio linalokielekeza kwa kiarifu cha «linathibitisha». Sehemu ya pili huandikwa kwa FILTER NOT EXISTS, nayo inataka tahadhari. RDF haichukulii kwamba kisichoandikwa hakipo. Huchukulia tu kwamba hakijaandikwa. Kama seva ya majaribio ilizimika juzi na daftari lake halijasomwa, ripoti yako itamwambia bosi kwamba masharti mengi hayana majaribio, na bosi ataamini. Chapisha juu ya ripoti, kwa kila programu, saa ambayo daftari lake lilisomwa mara ya mwisho. Na ukitaka kukagua kwamba kila sharti lina kichwa na hali kabla halijaingia kwenye hesabu, tumia SHACL, iliyopitishwa mwaka 2017 kwa kazi ya kukagua maumbo ya data za RDF.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Kampala. Kwa mradi wangu ninatumia seva ya LDP. Kusoma kunakubali, lakini nikituma PUT ninajibiwa 412 kila mara, hata pale ambapo hakuna mtu mwingine anayehariri. Nimekosea wapi?

Kwanza niwaeleze wengine: LDP, iliyopitishwa na W3C mwezi wa Februari 2015, ni makubaliano ya namna ya kuziandika data zilizounganishwa na siyo kuzisoma tu. Kuna vyombo, ambavyo ni kama makabati. Ukituma POST kwenye chombo, seva inaunda kitu kipya, inakipa anwani na kukurudishia anwani hiyo. Kila kitu kinapotolewa huja na alama ya toleo lake, iitwayo ETag. Ukitaka kukibadilisha unatuma PUT pamoja na alama ile katika kichwa kiitwacho If-Match, kana kwamba unasema: badilisha, iwapo bado ni lile toleo nililolisoma mimi. Mtu akiwa amekutangulia, alama hazitalingana na utajibiwa 412. Usipotuma alama kabisa, seva inayoihitaji itakujibu 428. Kwa njia hiyo watu wawili hawafutiani kazi bila kujua.

Kwa kuwa hakuna anayekutangulia, angalia mambo mawili. ETag hutolewa ikiwa ndani ya alama za nukuu, na nukuu hizo ni sehemu yake; maktaba nyingi za programu huziondoa kwa «usafi», na alama uliyoirudisha ikawa si ile. Kama nukuu zipo, tazama kama alama inaanza na W/. Hiyo ni alama dhaifu, na If-Match hulinganisha kwa ukali, kwa hiyo alama dhaifu haitalingana kamwe hata ikiwa sawa herufi kwa herufi. Mara nyingi anayeidhoofisha ni seva ya kati inayobana majibu kwa gzip. Zima ubanaji huo kwa njia hiyo moja, kisha ujaribu tena.

Ukishavuka hapo utakutana na kosa jingine ambalo halina namba ya kukuonya. PUT hubadilisha maelezo yote ya kitu kwa pamoja. Kama programu yako ilisoma sentensi 20, ikazielewa 6 na kurudisha hizo 6 tu, umefuta 14 zilizowekwa na programu nyingine, na seva itakujibu kwamba kila kitu ni sawa. LDP inakutaka urudishe kila ulichokisoma na hukukusudia kukibadilisha, uwe umekielewa au hukukielewa. Jaribu hivi kabla ya kuwasilisha mradi: ongeza kwa mkono, kupitia curl (zana ya kutuma maombi ya HTTP), sentensi moja yenye kiarifu ambacho programu yako haikijui, fungua kitu hicho kwenye programu yako, badilisha kichwa, hifadhi, kisha soma tena kwa curl uone kama sentensi yako bado ipo.